Jinsi ninavyopanga bei za picha zangu za maonyesho

Dada uliyeuliza utapangaje bei za picha zako nane za kuchora kwa maonyesho yako ya kwanza hapa Dar, na kama uwe na bei ya Mbongo na bei ya mzungu: nianze na hilo la pili. Usithubutu. Bei iwe moja, iandikwe na ibandikwe pembeni ya picha. Wanunuzi wa sanaa mjini hapa wanafahamiana. Aliyelipa laki tano akienda kwa mwenzake akakuta picha yako ya ukubwa uleule imenunuliwa laki mbili, umewapoteza wote. Tena Mtanzania mwenzetu anayetafuta picha ya sebuleni, pasipo na bei haulizi. Anadhani ni vitu vya wakubwa, anapita zake.

Sasa hesabu. Mimi napanga kwa ukubwa, si kwa mapenzi yangu kwa picha. Wengi huzidisha upana kwa urefu, lakini njia hiyo inazionea ndogo na kuzipaisha kubwa. Ukitoza shilingi 75 kwa sentimita ya mraba, picha ya 30 kwa 40 inatoka 90,000, na ya 80 kwa 100 inaruka hadi 600,000. Jumlisha upana na urefu badala ya kuzidisha, kisha tumia kiwango kimoja, tuseme 1,800 kwa sentimita: ndogo inakuwa 126,000, kubwa 324,000. Ndogo inarudisha gharama, kubwa inauzika.

Hiyo 1,800 ni mfano tu. Kupata yako, chukua picha moja ya kawaida, jumlisha kanvasi, rangi, fremu na usafiri, ongeza ujira wa siku ulizokaa nayo, halafu gawa kwa jumla ya upana na urefu. Kisha zunguka uone wenzako wa rika lako kisanaa wanauzaje. Nenda Nafasi Art Space, kile kituo cha wasanii pale Mikocheni, angalia, uliza. Ukijikuta juu yao sana na bado hujulikani, shuka kidogo sasa. Kushusha bei baada ya watu kununua ni kuwavunjia heshima waliotangulia.

Komisheni ndiyo inayowaliza wengi. Tuseme unataka 175,000 mkononi na wenye ukumbi wanachukua asilimia 30. Ukiongeza asilimia 30 juu yake unapata 227,500, wao wanakata 68,250, wewe unabaki na 159,250. Umeshapunjika. Gawa 175,000 kwa 0.7, upate 250,000, hapo ndipo chako kinarudi kamili. Na mteja akikufuata nyumbani, bei ni hiyohiyo 250,000. Ukimuuzia chini ya bei ya ukumbini, hawatakuita tena, na watakuwa na haki. Uliza pia kama komisheni inakatwa hadi kwenye fremu, maana fremu nzuri ni pesa.

Kuna jambo moja la Dar hasa. Tangu Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora kwa rangi ya kung'aa juu ya hadibodi mwishoni mwa miaka ya 1960, Oysterbay, wanakouza wachoraji wa mtindo wake, imekuwa mahali pa kwanza mgeni anapopelekwa kununua picha. Akifika kwenye meza yako ameshabeba bei za kule kichwani. Ukichora twiga na tembo kwa mtindo huo, atakulinganisha nao na utapata tabu kupanda. Ikiwa kazi yako ni nyingine, picha moja isiyo na pacha, mweleze hivyo, na umwandikie nyuma jina la picha, mwaka, vipimo na sahihi yako.

Kupatana kutakuwepo, ndiyo biashara yetu. Amua kabla ya kufika utaishia wapi. Mimi sivuki asilimia 10, na natoa kwa anayechukua mbili. Msafiri mpe bei bila fremu, umviringishie kanvasi kwenye bomba la karatasi ngumu. Ile picha unayoipenda mno usiipandishie bei kwa sababu ya mapenzi, iandike "haiuzwi" au iache nyumbani.

Tupia hapa vipimo vya hizo nane na gharama za fremu, tupige hesabu pamoja kabla hujachapisha lebo.