Kifaa cha Kusomea kwa Mwandishi: Pima Kinachotoka Ndani Yake

Matangazo ya vifaa vya kusomea vitabu vya kielektroniki, kama Kindle na Kobo, husifia idadi ya vitabu vinavyoingia. Mwandishi ana haja nyingine. Anataka kuingiza mswada wake, ausome kama kitabu cha mtu mwingine, apige mistari, aandike madokezo, kisha arudi na masahihisho yote kwenye kompyuta bila kuyanakili upya. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayowakwamisha wengi. Kwa hiyo usianze kuuliza ukubwa wa hifadhi, maana riwaya ya maneno 80,000 isiyo na picha kwa kawaida haifiki hata MB 1. Uliza: nikishaandika madokezo humu, nitayatoaje?

Kindle huweka kila ulichopigia mstari na kila dokezo kwenye faili moja la maandishi liitwalo My Clippings.txt, ndani ya folda ya documents. Unachomeka waya, unalifungua, unanakili. Kasoro yake ni kwamba faili hilo linaongeza tu, halipunguzi. Ukirefusha mstari ulioupiga, wa zamani na mpya yote inabaki. Ukifuta dokezo ndani ya kitabu, kwenye faili bado lipo. Kabla ya kuanza duru mpya ya masahihisho, lihamishie kwenye kompyuta, lipe jina lenye tarehe, kisha lifute kwenye kifaa. Litajiunda lenyewe utakapopiga mstari mwingine. Vitabu vya kununua vina ukomo wa maneno yanayoweza kunakiliwa, na ukiupita utakuta tangazo la ukomo mahali pa maneno uliyoyataka. Mswada wako mwenyewe hauna kizuizi hicho.

Kobo inasoma EPUB, muundo wa kawaida wa faili la kitabu cha kielektroniki, moja kwa moja, jambo ambalo Kindle haifanyi mpaka faili ligeuzwe kwanza, kwa mfano kwa kulituma kupitia huduma ya Amazon. Ila madokezo ya Kobo yamefichwa kwenye hifadhidata iitwayo KoboReader.sqlite, ndani ya folda isiyoonekana ya .kobo. Iko njia ya mkato. Ruhusu kompyuta ionyeshe mafaili yaliyofichwa, ingia .kobo, kisha Kobo, fungua faili la Kobo eReader.conf kwa programu ya maandishi matupu. Tafuta [FeatureSettings], na kama haipo iandike mwishoni; chini yake ongeza ExportHighlights=true, hifadhi, chomoa waya kwa utaratibu. Baada ya hapo kifaa kinakupa chaguo la kutoa madokezo ya kitabu yakiwa faili la maandishi. Asiyependa kuchokonoa anaweza kuweka KOReader, programu huria ya kusomea inayokubali kwenye Kobo na inayotoa madokezo kwa Markdown (maandishi yenye alama rahisi za mpangilio), HTML au maandishi ya kawaida. Kwenye Kindle nayo inakubali, ila lazima kwanza uvunje ulinzi wa kifaa, na hilo si la kumshauri kila mtu.

Madokezo yakishatoka, kazi ni kujua kila moja ni la wapi. Namba za kurasa hazikusaidii: kwenye EPUB kurasa hufuata ukubwa wa herufi uliochagua, na haziwiani na kurasa za Word. Dawa ni mbili. Unapopiga mstari, chukua maneno matano au sita yanayofuatana ili uyatafute kwenye mswada na kuyapata mara moja. Ukishika neno "alisema" peke yake, utalikuta mahali mia. Na kama mswada unapelekwa pia kwa wasomaji wa majaribio, weka namba kwa kila kipande ndani ya sura, mfano 7.3, ambazo utaziondoa kabla ya kuchapisha.

Maandalizi ya faili nayo yana mitego. Kwanza kubali au kataa mabadiliko yote ya mhariri ndani ya Word, la sivyo maneno yaliyofutwa yanaweza kuibuka tena upande wa pili. Vichwa vya sura vipe mtindo wa Heading 1. Ukivikoza wino tu, kifaa hakitatengeneza yaliyomo na utafika sura ya 20 kwa kufunua ukurasa mmoja mmoja. Kisha ingiza faili la docx (si doc ya zamani) kwenye calibre, programu ya bure ya kompyuta, na uligeuze kuwa EPUB. Hapohapo sahihisha lugha ya kitabu iwe Kiswahili. Faili likiitwa la Kiingereza, kifaa kinaweza kukata maneno mwishoni mwa mstari kwa kanuni za Kiingereza, na silabi zetu zikavunjwa ovyo. Likiitwa la Kiswahili, mara nyingi kifaa hakina kanuni za kukata kabisa, hivyo neno kama "walivyomshughulikia" linarukia lote mstari wa chini na kuacha mapengo makubwa juu. Usipoteze jioni nzima kutafuta fonti ya kutibu tatizo hilo. Panga maandishi upande wa kushoto, basi.

Jambo dogo lenye kero: ritifaa. Word hugeuza alama ya "ng'ombe" kuwa iliyopinda, wakati kibodi ya kifaa huandika iliyonyooka. Unatafuta "ng'ombe" kwenye mswada wenye ng'ombe kila ukurasa, unaambiwa hakuna. Tafuta "ombe".

Kamusi ndiyo sehemu ambayo vifaa vyote vinatuangusha. Ukigusa "walichokiandika", kifaa kinatafuta neno hilo hilo lilivyo, na kamusi haina kidahizo kama hicho, ina "andika". Kifaa kinachomfaa mwandishi wa Kiswahili kingevua viambishi kwanza. Kwa sasa KOReader ina afadhali, kwa kuwa inapokea kamusi za muundo wa StarDict na inakuruhusu kulihariri neno kabla ya kulitafuta.

Kuhusu ukubwa wa skrini, hesabu iko kwenye PDF, ambayo ukurasa wake haujipangi upya kufuata skrini. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210. Skrini ya inchi 6 ina upana wa milimita 91 hivi, kwa hiyo herufi za pointi 12 zinaonekana kama za pointi 5. Inchi 10.3, kama ya kifaa cha reMarkable 2, ina upana wa milimita 157; hapo pointi 12 zinashuka kuwa 9, zinasomeka. Kama una kifaa cha ukubwa huo, weka ukurasa wa Word uwe milimita 157 kwa 209, pambizo milimita 10, ndipo utoe PDF. Itajaa skrini bila kupungua. Kwa EPUB peke yake, inchi 6 au 7 zinatosha na mkono hauchoki.

Kalamu ya kuandikia juu ya skrini inavutia, lakini mwandiko wako juu ya PDF kwa kawaida unatoka ukiwa picha, na kila sahihisho utaliandika upya. Inafaa kwa kupanga upya sura na kuchora mishale, haifai kwa koma na tahajia. Skrini ya rangi tungeiacha: teknolojia ya Kaleido 3 inaonyesha pikseli 300 kwa inchi kwenye nyeusi na nyeupe, 150 tu kwenye rangi, na weupe wa ukurasa unafifia.

Wanaonunua kilichotumika wahakikishe kimeondolewa kwenye akaunti ya mwenye nacho wa kwanza, mbele yao, kabla ya kulipa. Tazama tundu la chaji, kwani za zamani zinatumia micro-USB na waya wake unazidi kuadimika. Kisha washa kifaa na ufungue ukurasa mweupe. Kwa kuwa skrini za vifaa hivi, za wino wa kielektroniki, hushikilia picha hata bila umeme, kifaa kilichozimwa chenye picha nzuri hakithibitishi chochote. Geuza kurasa kumi. Kivuli cha ukurasa uliopita ni cha kawaida na huondoka skrini ikijisafisha; mstari au doa lisilohama kwa kawaida ni kioo cha ndani kilichopasuka, na kukibadilisha mara nyingi kunakaribia bei ya kifaa kizima.