Re: Tulikuta tufaha zimeisha, na boga likawa maji

Salaam dada, pole sana. Umesema mlifika kuchuma tufaha shambani hapa Minnesota, Marekani, katikati ya Oktoba mkakuta miti imeshachumwa, na boga mlilonunua likawa maji sufuriani.

Anza na tarehe. Honeycrisp, tufaha lililozalishwa hukuhuku na Chuo Kikuu cha Minnesota na kutolewa kwa wakulima mwaka 1991, huiva mwishoni mwa Septemba na huisha upesi. Piga simu asubuhi ileile uulize miti ipi inachumwa, na kiingilio ni kiasi gani. Kuna mashamba yanatoza kila kichwa kabla hujachuma hata moja, na kwa watoto watano inauma. Wafundishe kuliinua tufaha na kulizungusha. Wakivuta kwa nguvu, hung'oka na chipukizi la mwakani.

Boga sasa. Yale makubwa yaliyorundikwa mlangoni ni ya kuchonga sura kwa Halloween, sikukuu ya mwisho wa Oktoba, yana nyuzi na maji mengi, usiyapike. Omba madogo ya pai, au kabocha, boga la Kijapani, ndilo linalokaribia boga letu la nyumbani. Mimi nalipika kwa tui na iliki, watoto wanakomba sufuria.