Kiwavi hatagi

Msomaji wa Nachingwea anauliza: tuseme "nondo hii imetaga" au "nondo huyu ametaga"? Na je, "mayai ya viwavi" ni sahihi?

La kwanza halina mjadala: nondo anayetaga ni mdudu kama kipepeo, basi nondo huyu ametaga. "Nondo hii" ni ile ya chuma, wanayoipinda mafundi kwenye lenta, nayo haijawahi kutaga kitu.

La pili ndilo linalonipandisha presha. Kiwavi, jina linaloelekea kuwa na ukoo na kuwawa, ni mtoto. Hana mbawa, hana mume, hana mayai tumboni. Anayetaga ni nondo. Mwandikie mkulima wa mahindi "tafuta mayai ya viwavi", naye atachungulia kule anakowaona viwavi, yaani kwenye moyo wa mhindi. Atakuta chembechembe za kahawia, mbichimbichi, kama unga wa msumeno, aseme keshayapata. Kapata kinyesi.

Mayai ya nondo wa viwavijeshi vamizi yako kwenye jani, mara nyingi upande wa chini, fungu moja la 100 hadi 200, pengine tabaka juu ya tabaka. Kila yai lina upana wa karibu milimita 0.4, chini bapa, juu limebinuka. Likiwa jipya lina weupe uliofifia au ukijani kidogo, kisha hukolea kuwa kahawia. Juu ya fungu nondo jike hubandika magamba laini ya tumbo lake, ya kijivu. Hapo ndipo wengine huandika "ukungu", na huku kwetu Kusini hata "ubwiriunga", ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho unaotibiwa kwa salfa, mwenye mikorosho akakimbilia salfa iliyobaki! Salfa iacheni kwenye korosho. Fungu hilo dawa yake ni kulipondaponda kwa vidole, na mapema, maana kwenye joto huanguliwa kwa siku 2 au 3, watoto wakaning'inia kwenye nyuzi, upepo ukawatawanya shamba zima.

Na hilo "fungu" lisipachikwe kila mahali. Nondo wa funza wa vitumba, anayeisumbua mbaazi, hutaga moja hapa, moja pale, kwenye maua na vitumba. Yai lake ni la mviringo, karibu milimita 0.5, lenye mistari iliyoshuka toka juu hadi chini. Hapo andika "yai", umoja.

"Mayai ya viwavijeshi" kwenye bango la shambani, haya, nimechoka kugomba. Bango lina nafasi ndogo. Ila "viwavi wametaga" siipitishi, hata iwe na sahihi ya bwana shamba.