Anza na Mfalme: Namna ya Kufumbua Mafumbo ya Chekimeti

Mchezaji wa sataranji anayetaka kunoa jicho lake namshauri ashike mafumbo ya chekimeti (mfalme anaposhambuliwa asiwe na pa kuponea, na mchezo ukaisha) yaliyotoka katika michezo iliyochezwa kweli, kuliko yale yaliyobuniwa, kwa sababu katika mchezo wa kweli kila kete ina sababu ya kuwa pale ilipo, na mara nyingi sababu hiyo ndiyo inayofichua jibu.

Mimi huanza na mfalme anayewindwa. Huitazama miraba inayomzunguka, mmoja baada ya mwingine, nikijiuliza upi umezibwa na kete zake mwenyewe, upi unalindwa na kete zangu, na upi bado uko wazi. Anayeanza kwa kujaribu kila cheki, yaani kila shambulio kwa mfalme, anayoiona hupoteza muda mwingi, na hata akilipata jibu hajui amelipataje.

Chukua mchezo wa bingwa wa Kimarekani Paul Morphy wa mwaka 1858, katika jumba la opera mjini Paris, dhidi ya Duke wa Brunswick na Count Isouard waliokuwa wakishauriana upande mmoja. Baada ya hatua ya 15, mfalme mweusi angali e8 (herufi hutaja safu ya wima ya ubao, namba safu ya mlalo). Mraba wa f8 umezibwa na askofu wake, ambaye hajasogea tangu mwanzo, na f7 umezibwa na kitunda chake. Askofu mweupe aliyeko g5 analinda e7 na d8, na ngome nyeupe iko d1. Ukiyaona hayo, fumbo linabaki na swali moja tu: ngome ingefika d8 mchezo ungekwisha, lakini farasi mweusi aliyeko d7 ameziba njia, ataondolewaje? Morphy alimpeleka malkia b8 na kutoa cheki, na weusi hawakuwa na jibu lingine ila kumla kwa farasi huyo huyo. Ngome ikashuka d8, chekimeti, hatua ya 17. Mweupe alibakiwa na ngome moja na askofu mmoja, mbali na vitunda, ilhali mweusi alikuwa bado na malkia, ngome, askofu na farasi. Uzuri wa namna hii haunichoshi.

Usiguse kete unapofikiri. Andika mfululizo mzima kwenye karatasi, pamoja na majibu ya mpinzani. Akiwa na majibu mawili, fumbo halijafumbuliwa mpaka yote mawili yapate dawa. Kisha rudi hatua ya kwanza ya mchezo huo uucheze wote, kwani hapo ndipo utakapoona ni lini mfalme yule alianza kukosa ulinzi. Ukishazoea mafupi, jaribu ushindi wa Edward Lasker dhidi ya George Thomas, London, 1912: malkia anatolewa kafara h7 katika hatua ya 11, na mfalme mweusi anafukuzwa ubao mzima hadi g1, anakofungwa katika hatua ya 18.

Tahadhari moja ni kubwa. Fumbo hukuambia kwamba chekimeti ipo, lakini ukiwa mchezoni hakuna wa kukuambia. Mwombe mwenzako akuchanganyie mafumbo na hali zisizo na chekimeti yoyote, bila kukutajia ni zipi, na uzipe hizo muda ule ule unaozipa nyingine.