Maswali ya Wasomaji: Kusahihisha Sentensi katika Mtihani wa Kiswahili

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zinahusu maswali yanayomtaka mtahiniwa asahihishe sentensi. Katika mtihani wa KCSE nchini Kenya, maswali hayo huwa katika karatasi ya pili ya Kiswahili. Karatasi hiyo ina alama 80, na nusu yake, yaani alama 40, ni za sehemu ya matumizi ya lugha. Sentensi moja huenda ikawa na alama mbili tu, lakini alama hizo ndizo zinazopotezwa na wanafunzi wanaoijua lugha vizuri, na jambo hilo linanisikitisha kwa sababu linaweza kuzuilika.

Mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Nne. Nikisoma sentensi ya kusahihishwa, mara nyingi naiona iko sawa, au nagundua kosa moja na kuyaacha mengine. Katika zoezi la juzi tulipewa sentensi hii: “Vitabu yenye mwalimu alinunua imepotea yote.” Nilibadilisha “imepotea” ikawa “vimepotea”, nami sikupata alama zote. Nifanyeje? – Mwanafunzi, Kakamega

Umefanya vyema kuituma sentensi yenyewe, kwa kuwa imebeba takriban kila kitu ninachotaka kukueleza. Ulisahihisha kwa sikio, na sikio la wengi wetu limezoea Kiswahili cha sokoni, cha matatu na cha uwanja wa shule, ambamo viambishi i- na zi- hupachikwa katika nomino za kila aina: kitabu imepotea, viti imevunjika, maembe imeiva. Sikio lililozoea hivyo haliwezi kukuonya, kwa sababu halioni kasoro yoyote. Kwa hiyo anza na nomino, kisha ndipo usikilize.

Tafuta nomino inayoitawala sentensi, itaje ngeli yake, na useme kama iko katika umoja au wingi. Hapa nomino ni “vitabu”, ngeli ya KI-VI, wingi. Kisha pitia kila neno linalofuata ukiuliza kama linaitegemea nomino hiyo, na kama linaitegemea, je, limechukua kiambishi chake? Ukifanya hivyo utakuta maneno matatu yaliyopotoka: “yenye”, “imepotea” na “yote”. Wewe ulilirekebisha moja.

Neno “yenye” linahitaji uangalifu zaidi, maana wanafunzi wengi hulibadilisha kuwa “vyenye” wakadhani wamemaliza. Sentensi “Vitabu vyenye mwalimu alinunua” ina upatanisho, lakini bado si sahihi. Kivumishi -enye huonyesha umiliki au hali ya kuwa na kitu, nacho hufuatwa na nomino au kitenzi-jina: mwenye duka, vitabu vyenye picha, hadithi zenye kuvutia. Ukikiona kinafuatwa na kitenzi chenye kiambishi cha wakati, kama vile “mtu mwenye alikuja”, fahamu kwamba panapotakiwa kirejeshi pamewekwa kitu kingine. Njia za kurekebisha ni mbili. Unaweza kutumia amba-: “Vitabu ambavyo mwalimu alinunua vimepotea vyote.” Unaweza pia kukitia kirejeshi ndani ya kitenzi: “Vitabu alivyonunua mwalimu vimepotea vyote.” Chagua moja, kwani atakayeandika “vitabu ambavyo alivyonunua” amerejesha mara mbili, na hilo ni kosa jipya alilolileta mwenyewe.

Zingatia pia kwamba si kila wakati unaokubali kirejeshi ndani ya kitenzi. Kinakaa na -li- na -na-, na katika wakati ujao kinadai -taka- badala ya -ta-: aliyefika, anayefika, atakayefika. Hakikai na -me-, kwa hiyo hatusemi “vimevyopotea” bali “vilivyopotea” au “ambavyo vimepotea”. Katika ukanushi, “asiyesoma” halina kiambishi cha wakati, na ukitaka kuonyesha kwamba tendo ni la wakati uliopita itakubidi utumie amba-: “ambaye hakusoma”.

Mtego mwingine unaopendwa na watahini ni kuitenga nomino kuu na kitenzi chake kwa nomino nyingine kadhaa. Tazama hii: “Uamuzi wa viongozi wa vyama hivyo vimewashangaza wananchi.” Msomaji mwenye haraka huviona “vyama hivyo” karibu na “vimewashangaza” akaridhika. Lakini kilichowashangaza wananchi ni uamuzi, kwa hiyo kitenzi ni “umewashangaza”. Maneno mengine yote, pamoja na “hivyo”, yako sahihi na yabaki kama yalivyo.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili. Tulitahini sentensi hii: “Ungesoma kwa bidii ungalifaulu.” Wanafunzi wengine waliandika “Ungesoma... ungefaulu”, wengine “Ungalisoma... ungalifaulu”, na mmoja akaandika “Ni vizuri kusoma kwa bidii ili ufaulu.” Tumebishana katika idara kuhusu jibu la kukubaliwa. – Mwalimu, Machakos

Mwalimu mwenzangu, kwa maoni yangu majibu mawili ya kwanza yapewe alama zote. Kanuni inayofundishwa shuleni ni kwamba sehemu mbili za sentensi ya masharti zichukue kiambishi kimoja, na wote wameifuata. Tofauti ya maana ipo: -nge- huacha mlango wa uwezekano wazi, ilhali -ngali- huonyesha kwamba nafasi imekwisha kupita na tokeo halibadiliki tena. Lakini katika sentensi mliyoitunga hakuna neno linalomwambia mwanafunzi ni hali ipi iliyokusudiwa. Kama mlitaka jibu moja tu, neno la wakati lingelitosha: “Ungefika jana ungalimkuta mgeni” humwelekeza mtahiniwa kwenye -ngali- pande zote mbili, kwani jana imeshapita. Mtahini asiyeweka kielekezi hicho amekubali majibu mawili, na si haki kumwadhibu mtoto kwa jambo ambalo swali halikusema. Vivyo hivyo katika ukanushi, “nisingechelewa” na “singechelewa” yote yanatumika, mradi mtindo uliochaguliwa usiyumbe ndani ya sentensi moja.

Yule wa tatu ameandika sentensi isiyo na kosa, lakini hakusahihisha. Masharti yametoweka, na lawama iliyokuwa ndani ya sentensi imegeuka ushauri. Hapa nina msimamo ambao ningependa uwafikie wanafunzi wako: anayesahihisha huchunga maana ya mwandishi wa kwanza na hubadilisha kidogo iwezekanavyo. Kila neno sahihi linaloguswa bila sababu ni nafasi ya kukosea, na pia humfanya mtahini asijue kama kosa lilionekana au lilikwepwa. Wafundishe wapige mstari chini ya kosa katika karatasi ya swali kabla ya kuandika jibu. Wasipoweza kukionyesha kilichoharibika, hawajafika wakati wa kuandika.

Sisi nyumbani twasema Kimvita. Bibi yangu husema “ndoo” badala ya “njoo”, “ndia” badala ya “njia”, na “mato” badala ya “macho”. Nikiandika hivyo shuleni nasahihishwa kwa wino mwekundu, na wenzangu wa bara hunicheka. Je, Kiswahili chetu ni kibovu? – Mwanafunzi, Mombasa

Hapana, mwanangu, wala usikubali mtu akufanye ukionee haya. Kimvita ni lahaja kamili yenye kanuni zake, na kimetungiwa mashairi mazito tangu zamani kabla ya kuwapo mtihani wowote wa Kiswahili. Kilichotokea ni kwamba mkutano uliofanyika papo hapo Mombasa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa lugha sanifu ya vitabu na shule katika Afrika Mashariki, kisha Kamati ya Lugha ikaanza kazi ya usanifishaji mwaka 1930. Mtihani unapima lugha hiyo sanifu. Kwa hiyo “ndia” si kosa kinywani mwa bibi yako. Ni neno lisiloruhusiwa katika karatasi hiyo, isipokuwa swali lenyewe liwe linazungumzia lahaja.

Wewe una faida ambayo mwanafunzi wa Kakamega hapo juu hana. Mtu aliyelelewa katika Kiswahili cha nyumbani hahitaji kufikiri ili aseme “kitabu changu kimepotea”, kwa sababu upatanisho wa ngeli ameunyonya pamoja na maziwa. Liamini sikio lako katika upatanisho, ila lihakiki katika maumbo ya maneno: kila unapoona sauti inayotofautiana kati ya nyumbani na kitabuni, kama t na ch katika “kitwa” na “kichwa”, au nd na nj katika “ndia” na “njia”, fungua kamusi. Tena usisahihishe kisichohitaji kusahihishwa. Umeandika “twasema”, na umbo hilo ni sanifu kama lilivyo “tunasema”. Nimewaona wanafunzi wa pwani wakilifuta kwa hofu, wakiliacha kosa halisi limekaa pembeni.

Shikamoo Mwalimu. Darasani tumeambiwa kwamba “Nyumba imeingia nyoka” ni kosa la kimantiki. Lakini babu yangu husema “Chumba kimeingia maji” na kila mtu humwelewa. Nijibu nini katika mtihani? – Kidato cha Tatu, Morogoro

Marahaba. Katika mtihani andika “Nyoka ameingia ndani ya nyumba”, na ukiulizwa aina ya kosa, taja mantiki wala si sarufi. Sababu ni kwamba “imeingia” inapatana vizuri na “nyumba”, ngeli ya I-ZI. Kinachodaiwa kuwa kibaya ni kwamba nyumba haiwezi kutenda tendo la kuingia.

Baada ya kukupa jibu la mtihani, ni haki pia nikwambie kwamba babu yako hajavuruga mantiki. Muundo wa kutanguliza mahali na kukiweka kilichoingia mwishoni umekita mizizi katika mazungumzo ya Waswahili, nao huitikia haja ya kweli, kwani anayesema “Chumba kimeingia maji” anazungumzia hali ya chumba, hatoi habari za safari ya maji. Sarufi sanifu yenyewe inayo njia ya kulisema jambo hilo bila kuzua ubishi: ongeza -ni, na nomino ihamie katika ngeli ya mahali. “Nyumbani mmeingia nyoka” na “Chumbani mmeingia maji” ni sentensi ambazo mwalimu wako hatazilaumu, kwa kuwa m- ni kiambishi cha mahali pa ndani na kinapatana na -ni.

Kwa kuwa umeligusa suala la mahali, nakuongezea makosa mawili yanayotahiniwa sana. La kwanza ni “shuleni yetu”: nomino ikishapata -ni, kimilikishi nacho hufuata ngeli ya mahali, yaani “shuleni petu”, “shuleni kwetu” au “shuleni mwetu”, kulingana na unavyolenga. La pili ni “katika chumbani”, ambapo mahali pametajwa mara mbili. Ni “katika chumba” au “chumbani”.

“Mtu yoyote” na “kila watu”: yapi ni makosa? – Msomaji, Eldoret

Yote mawili. Sema “mtu yeyote”, na katika wingi “watu wowote”. “Yoyote” tuyaachie maneno kama “maji yoyote” na “nyumba yoyote”. Nalo “kila” hutangulia nomino ya umoja, basi ni “kila mtu”.

Binti yangu alipewa sentensi “Rafiki yangu mpya imefika.” Aliandika “Rafiki wangu mpya amefika”, akasahihishwa. Kama viumbe hai huingia katika ngeli ya A-WA, kwa nini isiwe “wangu”? – Mzazi, Nakuru

Binti yako ametumia kanuni sahihi, ila ameipeleka mbele ya mpaka wake. Nomino za undugu na urafiki zisizo na kiambishi cha umoja, kama baba, mama, dada, ndugu, jirani na rafiki, hupatana na A-WA katika vitenzi na vivumishi vya kawaida, lakini kimilikishi chake hubaki cha I-ZI: rafiki yangu amefika, ndugu zangu wamefika. Wanyama hawaingii katika upekee huo, kwa hiyo ni “mbwa wangu” na “ng'ombe wetu”. Nomino zinazoanza kwa ki- na kutaja watu katika hali ya kawaida nazo huchukua A-WA moja kwa moja: kiongozi wetu, kijana huyu, vipofu wale.

Mwambie pia kwamba nomino ya kiumbe ikitiwa katika hali ya udogo huiacha A-WA na kufuata KI-VI kikamilifu, na hapo ndipo wanafunzi waliokariri kanuni ya viumbe hai huisahihisha sentensi hadi ikaharibika. Ajaribu hii: “Kijibwa chake mweusi kimelala katika kibandani.” Maneno “chake” na “kimelala” yataonekana kama makosa, kwa sababu mbwa ana uhai, lakini yote mawili ni sahihi. Yaliyokosewa ni “mweusi”, ambalo linapaswa kuwa “cheusi”, na mahali palipotajwa mara mbili. Jibu ni “Kijibwa chake cheusi kimelala katika kibanda”, na akiandika “kimelala kibandani” apewe alama zilezile.