Zimebaki siku 19 na katuni yangu ina sekunde 20 tu

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi niko mwaka wa mwisho chuo, nakaa hosteli hapa Wandegeya, Kampala. Natengeneza filamu ya katuni ya dakika 3, stori ya bodaboda na abiria wake wanabishana nauli mpaka Ntinda. Natumia programu ya Blender, nachora kila fremu, yaani kila picha moja moja ya katuni, kwa mkono. Mwezi mzima umeisha nimepata sekunde 20 na zimebaki siku 19. Midomo ya kuongea ndio inanimaliza, halafu umeme ukikatika laptopu ikiwa inarenda, yaani inageuza michoro kuwa video, video inaharibika naanza upya. Nifanyeje jamani?

JIBU: Pole mdogo wangu, piga hesabu kwanza. Fremu 24 kwa sekunde, dakika 3, ni michoro 4,320 na wewe umechora 480, hata usipolala haiishi hiyo. Leo leo ikate iwe sekunde 90, itauma lakini kata. Halafu mchoro mmoja ushike fremu mbili, yaani michoro 12 kwa sekunde, hata mastudio makubwa wanafanya hivyo, pale tu pikipiki inapochomoka kwa kasi ndio urudi 24. Sekunde 70 zilizobaki zinakuwa michoro 840, kwa siku 14 ni 60 kila siku, na gurudumu si linazunguka tu, chora mzunguko mmoja uurudierudie.

Sasa midomo. Huyo bodaboda mvalishe helmeti! Ile ya kioo cheusi inayofunika mpaka kidevu, kichwa kinatikisika, kidole kinasukuma noti ya elfu mbili irudi kwa mwenyewe, mtu ameshaelewa hajakubali. (Najua wengi wao helmeti inaning'inia kwenye hendeli, wako atakuwa raia mwema.) Abiria mwonyeshe kwa mgongo, au kwenye kioo cha pembeni, uso mdogo kama sarafu, mdomo ukifunguka na kufunga tu inatosha.

Ila kabla hujachora tena, rekodi sauti kwa simu, usiku, blanketi kichwani maana kelele za Wandegeya unazijua. Zipange na michoro ya haraka haraka ya penseli uwaonyeshe wenzako, wakianza kushika simu zao hapo ndipo pa kukata, bora ukate penseli kuliko kazi ya siku tatu.

Na umeme: usirende video, chagua picha za PNG, kila fremu faili lake. Ukikatika baada ya picha ya 1,300 unaendelea na 1,301, mwisho unaziunganisha. Ila picha moja ikichukua dakika moja, sekunde 90 ni fremu 2,160, yaani masaa 36, kwa hiyo usingoje siku ya mwisho, kila sini ikiisha irende usiku umelala. Nakala weka kwenye flashi mbili, moja ikae kwa rafiki wa chumba kingine.