Leso haina jina, je mchoraji kakosea?

SWALI: Shikamoo Bi Mhariri. Mi niko Lamu, mtaa wa Langoni. Kuna kijana jirani yetu kachora kwa penseli bibi wa zamani, wa mwisho wa karne ya 19, kajifunga leso, majasi masikioni, kipini puani, ukimtazama wasema atakusemesha sasa hivi. Picha nimekutumia uione. Nataka kumsifu vizuri, sio nimwambie tu "kali sana" halafu nipite, lakini barazani watu wanasema kakosea, ati leso haina jina, yaani yale maneno yanayoandikwa kwenye leso, na katikati kapitisha mstari mrefu kama imeungwa. Ni kweli kakosea? Na nimsifu kwa lipi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hajakosea hata kidogo, na huo mstari ndio ulonifanya niitazame picha yake mara mbili mbili.

Leso za wakati ule hazikuwa na majina. Majina yamekuja mwanzoni mwa karne ya 20, tena kwanza yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kabla ya hapo kulikuwa na vile vitambaa vya mraba vya kuchapwa, vinauzwa vikiwa bado ni jora, basi mama anakatiwa vipande viwili, kila kimoja kina vitambaa vitatu, anaviunga ubavu kwa ubavu anapata leso moja ya vitambaa sita, na wengine walikuwa wananunua vitambaa vya maua mbalimbali wanaviunga wapate leso ambayo jirani hana. Baadaye ndo zikaanza kuchapwa nzima, na pindo na mji wake, yaani ile sehemu ya katikati, mshono ukaondoka. Kwa hiyo huyo kijana kauliza, au kakaa na picha za zamani akazitazama sawasawa, manake kitu kama hicho hakibahatishwi.

Sasa ukimsifu mtajie ulichokiona. Fuata ule mshono kwa kidole: unaanzia kifuani, unazama kwenye kunjo chini ya kwapa, unatokea tena kiunoni umepinda kidogo pale nguo ilipovutwa. Na maua nayo yanakatika kwenye kunjo, hayajabandikwa juu kama stika, wachoraji wengi hapo ndo wanashindwa wanachora maua yote mazima nguo inakuwa kama ubao. Mimi majasi nimeyapenda pia, kaonyesha jinsi ndewe ya sikio ilivyotanuka kulizunguka jasi, kazi ndogo lakini ya mtu mwenye subira.

Kama atakubali neno moja, pindo la chini kalipitia haraka, penseli imelegea pale miguuni wakati juu kote kashughulika, alirudie. Na aandike pembeni "leso ya kuungwa", hao wa barazani wakiuliza awaelezee mwenyewe.